Rekodi ya kesi ya jinai hutafutwa kwa nambari, si kwa jina

Kesi ya jinai inayoanzia Mutuini, wadi ya Dagoretti Kusini iliyo ukingoni mwa Nairobi upande wa magharibi, huacha karatasi katika ofisi tatu. Ya kwanza ni kituo cha polisi, ambako taarifa huandikwa katika kitabu cha matukio (OB) na mlalamishi akapewa nambari ya OB. Ya pili ni Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo tangu Katiba ya 2010 ndiyo huamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani. Ya tatu ni mahakama, ambako hati ya mashtaka husajiliwa, kesi ikapewa nambari na faili ikafunguliwa. Faili ya polisi na ya kiongozi wa mashtaka ni za kazi, na raia hana njia ya kuzifungua apendavyo. Faili ya mahakama ni tofauti, kwa sababu imebeba kumbukumbu za shughuli ambayo sheria inataka ifanyike hadharani.

Msingi wa uwazi huo umo katika sheria mbili. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema kwamba mahali kesi ya jinai inaposikilizwa ni mahakama ya wazi, na umma una ruhusa ya kuingia. Ibara ya 50 ya Katiba nayo inampa mshtakiwa haki ya kushtakiwa hadharani. Hata hivyo, kuketi kwenye benchi la nyuma na kusikiliza ni jambo moja, na kuondoka masijala na nakala mkononi ni jingine. Kuhusu nakala, sheria inawapanga waombaji katika ngazi.

Mshtakiwa yuko ngazi ya juu. Ibara ya 50(5) inampa haki ya kuomba nakala ya mwenendo wa kesi wakati kesi ikiendelea, isipokuwa kwa makosa madogo yanayosikilizwa kwa njia ya mkato. Kesi ikiisha, ana haki ya kuipata katika muda ufaao kwa ada ya kadiri. Hukumu yenyewe hupewa bila malipo akiiomba, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ambayo ndiyo yenye vifungu vyote vitakavyotajwa hapa chini, na ikiwezekana itafsiriwe kwa lugha yake. Ngazi ya pili ni ya mtu yeyote aliyeguswa na hukumu au amri ya mahakama. Huyo, chini ya kifungu cha 392, anaweza kuomba hukumu, ushahidi au sehemu nyingine ya rekodi, mradi alipe, na mahakama inaweza kumsamehe ada kwa sababu maalum. Ngazi ya tatu ni ya raia mwingine yeyote: mwandishi wa habari, mtafiti, mwajiri au jirani. Nguzo yake ni Ibara ya 35 ya Katiba, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na inataka jibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa habari inayotafutwa inahusu uhai au uhuru wa mtu. Mwombaji wa ngazi hii hufanikiwa zaidi anapotaja faili moja mahsusi kuliko anapoomba kila kitu kinachomhusu fulani.

Hapo ndipo wengi hukwama. Katika maeneo mengi ya Marekani mtu huandika jina kwenye tovuti ya mahakama ya kaunti na kuletewa kesi zote za mwenye jina hilo. Mahakama za shirikisho za huko zina mfumo uitwao PACER, unaotoza senti 10 kwa kila ukurasa. Kenya haina sajili ya umma ya watu waliopatikana na hatia. Rekodi za hatia kwa alama za vidole huwekwa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, na njia ya kawaida ya kuzifikia ni cheti cha tabia njema. Cheti hicho huombwa na mwenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha alama zake huchukuliwa kwenye fomu ya C24. Mwajiri akitaka kujua historia ya mtu, humwambia alete cheti, kwa kuwa hawezi kwenda DCI kumwombea. Mahakamani, kinachofungua mlango ni nambari ya kesi.

Kabla ya nambari huja swali la mahakama. Kwa mujibu wa kifungu cha 71, kosa linaweza kusikilizwa na mahakama ya eneo lilikotendeka au ambako mshtakiwa alikamatwa, bila kujali anaishi wapi. Kwa mkazi wa Mutuini jambo hili lina uzito, kwa sababu Dagoretti inapakana na Kikuyu, na mpaka wa kaunti za Nairobi na Kiambu unapita katikati ya mashamba na nyumba za kupangisha. Wizi uliofanyika upande wa Nairobi unaweza kufika mahakama ya Kibera, ambako kesi nyingi za mahakimu kutoka eneo la Dagoretti zimekuwa zikipelekwa. Wizi wa aina hiyo hiyo ukifanyika ng'ambo ya mpaka unaweza kuwa katika mahakama ya Kikuyu.

Aina ya kosa nayo huelekeza. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu pekee, kwa hiyo faili yake hutafutwa katika masijala ya mahakama hiyo. Wizi wa kimabavu na unajisi, ingawa adhabu zake ni nzito, huanzia kwa hakimu. Kesi za ugaidi huenda katika mahakama ya Kahawa. Anayekamatwa na askari wa kaunti kwa kuuza bidhaa bila leseni huhukumiwa chini ya sheria ndogo za kaunti, katika Mahakama ya Jiji.

Nambari ya kesi ina sehemu tatu: aina ya shauri, namba ya mfululizo na mwaka. Kesi za jinai, za makosa ya kingono na za trafiki huwa na mfululizo wake kila moja, hivyo namba 200 ya mwaka mmoja inaweza kuwepo mara kadhaa katika jengo moja. Herufi E mbele ya namba huonyesha kwamba faili ilisajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Mfumo huo ulianza katika mahakama za Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 Jaji Mkuu Martha Koome akauzindua kwa mahakama zote nchini.

Asiye na nambari ana vyanzo kadhaa. Hati ya mashtaka huibeba, na risiti ya dhamana pia. Afisa mpelelezi huiandika katika faili yake, ndiyo maana mlalamishi mwenye nambari ya OB anaweza kurudi kituoni akaulizia kesi ilisajiliwa kwa nambari gani. Kwa mfungwa, nambari imo katika hati ya kumpeleka gerezani. Kwa mtu wa nje, chanzo bora ni orodha ya kesi za siku, ambayo hubandikwa kwenye ubao wa mahakama na kuwekwa kwenye tovuti ya Idara ya Mahakama. Orodha hiyo huonyesha majina ya washtakiwa pamoja na nambari, hivyo anayejua tarehe ya kutajwa au kusikilizwa kwa kesi anaweza kuanza na jina na kumaliza na nambari.

Ombi lenyewe huandikwa kwa barua. Katika mahakama ya hakimu barua huelekezwa kwa msimamizi wa mahakama, na katika Mahakama Kuu kwa naibu msajili. Hutaja nambari ya kesi, majina ya wahusika, sehemu ya rekodi inayotakiwa na sababu ya kuitaka. Kusoma faili mbele ya karani kuna ada yake, na nakala iliyothibitishwa kwa muhuri ina ada yake. Malipo hufanywa kielektroniki na risiti hutolewa. Anayedaiwa pesa taslimu mkononi ili faili "ionekane" anadaiwa hongo, na anaweza kulalamika kwa Ombudsman wa Mahakama au kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Hukumu hupatikana upesi kuliko mwenendo mzima, kwa sababu kwa miaka mingi mahakimu wameandika ushahidi kwa mkono, na kurasa hizo lazima zipigwe chapa na kukaguliwa kabla ya kutolewa.

Kuchelewa huko kuna uzito wa kisheria. Rufaa ya jinai huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Lakini kifungu cha 349 kinaiagiza mahakama ipokee rufaa iliyochelewa ikiwa mkata rufaa au wakili wake hakupata nakala ya hukumu na rekodi katika muda ufaao tangu aiombe. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala, ikiwa na muhuri wa mahakama na tarehe ya kupokelewa, ni ushahidi. Anayeipeleka hufanya vyema kubaki na nakala yake.

Faili ikifunguliwa, mwisho wa kesi husomwa kwa makini kuliko mwanzo wake. Jina kuwa kwenye hati ya mashtaka halithibitishi kosa. Kesi iliyoondolewa chini ya kifungu cha 87(a) kabla ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea humwachilia tu, na upande wa mashtaka unaweza kurudi tena kwa kosa lile lile. Ikiondolewa baada ya hapo, anaachiliwa huru kabisa. Kifungu cha 210 maana yake hakimu aliona hakuna kesi ya kujibu. Kifungu cha 215 ndicho cha uamuzi wa mwisho, wa hatia au wa kuachiliwa. Na hatia ikiwepo, lazima iulizwe kama kulikuwa na rufaa, kwa kuwa Mahakama Kuu inaweza kuwa imeifuta na uamuzi huo ukawa katika faili nyingine yenye nambari nyingine.

Baadhi ya rekodi hufungwa kabisa au kwa sehemu. Ibara ya 50(8) inaruhusu umma na wanahabari kuondolewa mahakamani ili kulinda mashahidi na watu walio hatarini, maadili, utulivu wa umma au usalama wa taifa. Utambulisho wa watoto hulindwa na Sheria ya Watoto ya 2022, na waathiriwa wa makosa ya kingono hupewa kinga na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Ndiyo sababu hukumu nyingi za aina hiyo huchapishwa zikiwa na herufi za kwanza za majina tu.

Hukumu zilizochapishwa zinapatikana bure katika tovuti ya Kenya Law, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1994 ili kutoa ripoti za kesi. Hazina yake ni kubwa kwa maamuzi ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu, na hapo mtu anaweza kutafuta kwa jina. Tanzania ina TanzLII na Uganda ina ULII kwa kazi kama hiyo. Kesi nyingi za mahakimu hazimo, lakini zilizokatiwa rufaa huacha alama. Jaji anayesikiliza rufaa kutoka Kibera hutaja nambari ya kesi ya awali, mashtaka, muhtasari wa ushahidi na adhabu. Kwa mtafutaji aliye mbali, huo mara nyingi ndio usomaji wa kwanza wa kesi.

Jibu la "faili haionekani" lina sababu zaidi ya moja. Faili ya hakimu hupelekwa Mahakama Kuu rufaa inapokatwa, au jaji anapoiitisha ili kukagua uamuzi, hivyo inaweza kuwa katika masijala nyingine huku karani wa Kibera akiitafuta rafuni. Pia inaweza kuwa mezani kwa mpiga chapa. Ikithibitika kwamba imepotea, mahakama huagiza iundwe upya kwa nakala zilizo mikononi mwa upande wa mashtaka, mawakili na mshtakiwa. Upotevu haumpi mfungwa uhuru papo hapo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki wa 1952, majaji hupima mazingira ya upotevu, likiwemo swali la nani anafaidika nao, ndipo waamue kama kesi ianze upya au mtu aachiliwe.

Faili za zamani sana huishia katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, kwenye jengo lake la Moi Avenue, ambako kwa kawaida nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Si zote zilizofika. Kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ilisikilizwa Nyeri Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, kwa kosa la kumiliki bastola na risasi. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, lakini rekodi ya kesi ilidhaniwa kwa miongo mingi kuwa imepotea, hadi mwanahistoria Julie MacArthur alipoichapisha mwaka 2017. Katika hifadhi, nyaraka hupangwa kwa ofisi iliyozileta na kwa miaka. Anayetafuta kesi ya jinai ya enzi hizo anahitaji kujua mahakama na mwaka kabla hajajaza fomu ya kuomba faili.