Karani wa Mizani

Maadili ya kazi yakitajwa, wengi wetu huwaza wizara na vigogo wa mashirika. Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, mahali pa kuyatazama ni ghala la chama cha msingi cha ushirika, msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba. Mkulima amepalilia, amepuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ameokota na kuanika. Gunia likishapanda mzani, jasho lote hilo linategemea namba anayoiandika karani mmoja, mara nyingi kijana wa kijiji hicho hicho mwenye ajira ya miezi michache.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, ulikusudiwa kumtoa mkulima mikononi mwa wanunuzi waliompangia bei wapendavyo. Mzigo hukusanywa na chama cha msingi, hupelekwa ghala kuu, kisha huuzwa kwa mnada kupitia chama kikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi. Mfumo huu nautetea. Ila gunia sasa hupita mikono mingi zaidi kabla fedha hazijamfikia mwenyewe.

Wizi wa mzani mara nyingi huanzia kwenye woga. Korosho ikizidi kukauka hupungua uzito. Ghala kuu likikuta upungufu, chama hudaiwa, na karani ndiye wa kwanza kuulizwa. Basi hujikinga mapema: gunia likisoma kilo 81 na nusu, anaandika 80. "Hiyo ya unyaufu, mzee wangu." Upungufu usipotokea, kilo zilizokatwa hubaki ghalani bila mwenyewe, na hapo ndipo huandikiwa jina la mtu asiye na hata mkorosho mmoja. Karani huyo hakumbuki siku aliyoamua kuwa mwizi.

Mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, kilo moja na nusu iliyokatwa ni shilingi 4,950. Kwa magunia kumi ni 49,500. Kwa nyumba nyingi za vijijini hiyo ni sare na madaftari ya mtoto.

Kangomba, yaani korosho kununuliwa kichochoro kwa kipimo cha bakuli, tunailaani, na ni sawa, kwa maana inamnyonya mwenye shida. Lakini mkulima aliyekatwa kilo mbele ya macho yake kwenye mzani rasmi, tutamwambia nini akiamua kuuza kwa bakuli nyumbani?

Karani anastahili ulinzi pia. Kiwango cha unyaufu kipitishwe na mkutano mkuu, kiandikwe ukutani, na kinachosalia kirudishwe kwa waliokatwa. Ajira yake isitokane na undugu na mwenyekiti, kwani anayeajiriwa kwa fadhila hawezi kukataa agizo baya.

Mkulima, msimu ujao usome mzani mwenyewe, uangalie kama una muhuri wa Wakala wa Vipimo, na usiondoke bila stakabadhi yenye kilo ulizoziona. Nawe karani, ukiagizwa kukata, dai agizo hilo kwa maandishi.