Fahamu: Heparini au bivalirudini, mshipa wa moyo unapozibuliwa

Mgonjwa kutoka Mamba au Chome, huku Upareni, akifika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kuzibuliwa mshipa wa moyo, daktari hupitisha mrija mwembamba mkononi au kwenye paja. Damu ikigusa mrija huo huelekea kuganda, hivyo dawa ya kuizuia isigande ni lazima.

Iliyozoeleka ni heparini: bei nafuu, na damu ikivuja mno ipo dawa iitwayo protamini ya kuitangua heparini. Bivalirudini, iliyobuniwa kwa kuiga kemikali ya mate ya ruba, huisha mwilini haraka, ila ni ghali na haina dawa ya kuitangua.

Utafiti wa BRIGHT-4 wa China (2022), kwa wagonjwa 6,016 wa shambulio la moyo, ulikuta vifo au uvujaji mkubwa wa damu ndani ya siku 30 ni asilimia 3.06 kwa bivalirudini na 4.39 kwa heparini. Ule wa Sweden wa 2017 haukuona tofauti ya maana. Kwa bei yake, naona heparini bado inatufaa.

Lakini heparini kwa kawaida hutokana na utumbo wa nguruwe. Upareni kuna Waislamu wengi, na Wasabato tangu 1903, ambao dini zao zinakataza nguruwe. Anayepangiwa tarehe ya matibabu aelezwe hilo mapema, apate nafasi ya kuuliza.