Saratani na Hesabu Zake (Sehemu ya 2): Masisi na Walikale, ni wapi kuna wagonjwa wengi?

Juma lililopita tulieleza jinsi chembe za mwili zinavyoasi na kuanza kuzaliana ovyo. Leo tunaingia katika swali linaloulizwa hapa Buleusa, katika Walikale, karibu kila tunapomzika mtu aliyekufa na uvimbe: mbona siku hizi saratani imezidi kwetu? Mmoja atasema ni karuho, sumu ya kutegeana. Mwingine atalaumu mafuta ya kupikia yanayotoka mbali. Wa tatu, mwenye ndugu upande wa Masisi, ataapa kwamba huko ndiko kubaya zaidi. Wote watatu wanalinganisha vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu, na mimi sina namba ya siri ya kuwaamulia. Ninachoweza ni kuonyesha namba hiyo ingepatikanaje, na waliotangulia, wengine wao hapahapa Kivu, walifanya nini walipoikosa.

Ili kulinganisha sehemu mbili unahitaji namba mbili kutoka kila sehemu. Ya juu ni ya wagonjwa wapya, yaani waliogunduliwa ndani ya mwaka huo. Walioanza kuumwa mwaka juzi na bado wako hai hawamo. Ya chini ni ya watu wote wanaoishi hapo, wazima kwa wagonjwa. Ukigawanya ya juu kwa ya chini unapata kiwango, ambacho kwa desturi hutajwa kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hospitali ikitangaza kwamba imepokea wagonjwa 80 wa saratani, imetupa kipande cha namba ya juu tu, na hatujui wagonjwa hao walitoka wapi.

Kwetu namba ya chini ndiyo inayotutesa zaidi. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanywa mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaire. Idadi yoyote ya watu wa Walikale unayoisoma leo ni makisio yaliyojengwa juu ya makisio. Na watu wenyewe hawatulii. Mji wa Walikale ulitekwa na waasi wa M23 Machi 2025, wapiganaji wakatoka mwezi uliofuata. Kabla ya hapo, miaka na miaka, vijiji vyetu vimekuwa vikihama na kurudi. Mama aliyezaliwa Masisi, akakimbilia huku, akagunduliwa uvimbe wa titi Goma: atahesabiwa wa wapi? Rejista za saratani duniani zina kanuni juu ya hilo. Mgonjwa huandikwa mahali anapoishi kwa kawaida, si mahali alipotibiwa. Kanuni ni nzuri. Lakini iliandikwa kwa ajili ya watu ambao wana mahali wanapoishi kwa kawaida.

Halafu kuna umri. Saratani nyingi hufuata uzee, kwa hiyo sehemu yenye wazee wengi itaonekana imelaaniwa hata kama haina kosa. Tuchukue mfano wa kubuni. Maeneo mawili yana watu 100,000 kila moja, na hatari ni ileile kote: kwa walio chini ya miaka 50, wagonjwa 20 kwa kila 100,000, kwa waliovuka 50, wagonjwa 300 kwa kila 100,000. Eneo la kwanza lina wazee 5,000 tu. Litapata wagonjwa 19 kutoka kwa vijana na 15 kutoka kwa wazee, jumla 34. Eneo la pili lina wazee 15,000. Litapata 17 na 45, jumla 62. Mtu akisoma 34 na 62 gazetini atasema la pili lina hatari karibu maradufu, na atakuwa amedanganyika kabisa. Ndiyo sababu wataalamu husawazisha umri: huchukua viwango vya kila rika na kuvipima juu ya jamii moja ya mfano, ileile kwa kila nchi. Jamii inayotumiwa zaidi ilipendekezwa na Mjapani Segi mwaka 1960. Bila hatua hiyo, kulinganisha Walikale na Ubelgiji ni kulinganisha vijana na wazee.

Vijiji vidogo vina mtego wao. Chukua kiwango hicho cha 62 ukipeleke katika kijiji cha watu 8,000. Kwa wastani kitapata wagonjwa 5 kwa mwaka. Lakini bahati peke yake itakiletea wawili au chini ya hapo mwaka mmoja kati ya minane hivi, na wanane au zaidi mwaka mwingine kati ya minane. Mwaka wa wanane ndio watu wataitisha mkutano na kumtafuta mchawi. Mwaka wa wawili hakuna atakayeitisha mkutano wa kushukuru.

Sasa twende mahali ambapo hesabu hii ilifanywa kweli, tena si mbali. Mwaka 1951, katika idara ya patholojia ya chuo cha Makerere, ilianzishwa rejista ya saratani ya Kampala. Haikudai kuhesabu Uganda nzima. Ilichagua kaunti moja, Kyadondo, ambayo ndani yake umo mji wa Kampala, kwa sababu huko hospitali zilikuwa karibu na watu walijulikana idadi yao. Uamuzi huo wa kujibana ndio uliowaokoa. Nchi ilipovurugika, kazi ilikatika, ikafufuliwa mwaka 1989, na pengo hilo limebaki katika kila mchoro wa rejista hiyo mpaka leo. Hata hivyo ni moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote Afrika, na inatueleza mambo ambayo hakuna mzee wa kijiji angeweza kuyaona akiwa amekaa barazani.

Jambo kubwa kuliko yote ni saratani ya Kaposi, ile ya madoa na vinundu vyeusi-vyekundu kwenye ngozi. Miaka ya 1960 ilikuwapo Kyadondo kwa kiasi kidogo, hasa kwa wanaume. Ulipofika mwaka 1997, kiwango chake kwa wanaume kilikuwa kimepanda zaidi ya mara 10, na ikawa ndiyo saratani yao ya kwanza. UKIMWI ndio ulioipandisha. Mwaka 1994 watafiti Chang na Moore walikuwa wamegundua virusi vinavyoisababisha, ambavyo mwili wenye kinga huvizuia na mwili uliopokonywa kinga hushindwa. Dawa za kupunguza makali ya VVU zilipoenea, ikaanza kushuka. Wakati huohuo saratani ya tezi dume ilikuwa ikipanda kiasi cha asilimia 5 kila mwaka kati ya 1991 na 2010, na ya matiti karibu asilimia 4. Sehemu ya kupanda huko ni maisha yaliyobadilika: uzazi wa watoto wachache, ulaji mwingine. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu sehemu kubwa kwa tezi dume, ni kwamba watu walianza kupimwa. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na ukianza kutafutwa hudhaniwa umezaliwa jana.

Kenya wana rejista Eldoret tangu 1999 na Nairobi tangu 2001, na tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, kila mwanasiasa anataka kujua kaunti yake ni ya ngapi. Orodha nyingi zinazozungushwa huko zina ugonjwa uleule tuliousema: kaunti yenye hospitali kubwa huonekana ina saratani nyingi. Lakini tofauti moja ni ya kweli. Saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni nyingi mno magharibi mwa Kenya, na katika hospitali ya Tenwek kule Bomet imekuwa ikiongoza kwa miaka mingi, ikiwakamata hata vijana. Wachunguzi wamefuata nyayo zake hadi Moshi kule Tanzania, na Malawi, na mojawapo ya mambo wanayoyapima ni joto la chai. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon, lilitamka mwaka 2016 kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 pengine husababisha saratani hiyo. Wanywaji wa chai ya maziwa inayochemka, na sisi tunaomimina uji wa mtama kooni ukiwa bado unafuka moshi, tungoje kidogo kikombe kipoe. Haitugharimu kitu.

Lakini Bomet na Kampala zina madaktari wa kuandika. Buleusa itafanyaje? Hapa ndipo ninapomkumbuka Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa siku chache, akaandika juu yao mwaka 1958. Hakuwa na rejista ya Afrika nzima wala sensa. Alichapa vipeperushi vyenye picha, akavituma kwa hospitali za bara zima na swali moja: mmeuona huu? Mwaka 1961, na wenzake Ted Williams na Clifford Nelson, alipanda gari na kusafiri wiki 10, maili 10,000, hospitali baada ya hospitali, mpaka kusini mwa Afrika. Ramani iliyotokea ilikuwa ya ajabu: uvimbe ulifuata joto na mvua, na karibu na ikweta ulitoweka juu ya mita 1,500 hivi. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi hazikuwa nao. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Na malaria ya kila siku, isiyokatika, ndiyo inayovifungulia mlango kwa kuudhoofisha mwili wa mtoto.

Ukiisoma ramani hiyo ukiwa hapa kwetu, inazungumza. Masisi ni milima ya malisho, sehemu nyingine zikipita mita 2,000, baridi, mbu wachache. Walikale inateremka hadi msitu wa joto ambako malaria haina msimu. Tungetarajia uvimbe wa Burkitt uwe mwingi zaidi chini kuliko juu. Nasema tungetarajia. Ni swali lililo tayari kuulizwa, na mtoto mwenye taya lililovimba ghafla huonekana na mtu yeyote, hahitaji mashine kutambulika kwamba apelekwe haraka. Na ni mojawapo ya saratani chache ambazo dawa zikianza mapema huponya.

Kaposi ina habari yake hapa Kivu, ya zamani kuliko UKIMWI. Mwaka 1957 mpatholojia Thijs aliandika juu ya saratani hiyo katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, na madaktari wa Katana, kule Kivu Kusini, waliendelea kuikusanya miaka ya 1960. Mashariki mwa Kongo ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoonekana mara nyingi kwa wanaume wazima, ikianzia miguuni. Mwaka 1993 John Ziegler alipendekeza kwamba udongo wa volkano, unaopenya ngozi ya miguu isiyo na viatu na kuziba mishipa midogo, huenda ndio unaosaidia. Ni dhana, haijathibitishwa. Ila mtu anayelima udongo mweusi wa Masisi pekupeku ana sababu ya kuisikiliza.

Waliwezaje madaktari wa enzi hiyo kulinganisha bila namba ya chini? Walitumia uwiano. Michael Hutt wa Makerere alisambaza chupa za formalini kwa hospitali za mashambani. Kipande cha nyama kilichokatwa kilirudi Kampala kwa posta, kikasomwa chini ya hadubini bila malipo. Kisha yeye na Burkitt, mwaka 1965, hawakuuliza ni wangapi kwa kila 100,000. Waliuliza: kati ya uvimbe 100 kutoka hospitali hii, ni ngapi za umio, ngapi za ini, ngapi za Kaposi? Njia hiyo ina upogo. Saratani ya ngozi hukatwa kwa wembe mdogo na hujaa chupani. Ya ini na ya tumbo imejificha, huzikwa na mwenyewe. Tena sehemu zikiwa za mia, moja ikipanda nyingine lazima ishuke hata kama haikushuka. Lakini kwa tofauti kubwa, za mara tano au mara kumi, upogo huo hauzimi ukweli.

Kwa hiyo ningewaomba mambo madogo wauguzi wetu, na hasa titilere, yaani muuguzi mkuu, wa kila kituo cha afya. Kila uvimbe unaoshukiwa uandikwe katika daftari lake: umri kwa miaka, si "mtu mzima", mwanamke au mwanaume, uvimbe uko wapi, ulianza mwezi gani, alipelekwa wapi, Goma, Lubero au ng'ambo ya mpaka, na kama kipande kilikatwa, jibu lilikuwa nini. Safu za makazi ziwe mbili, kijiji alikotoka kabla ya kukimbia na kijiji anacholala sasa, kwa sababu saratani huchukua miaka kumi, ishirini kukomaa, na sababu yake inaweza kuwa ilibaki kule. Jina libaki kwenye daftari la kituo. Kinachopelekwa zone ya afya ni namba. Kwa miaka mitano vituo vya Masisi na Walikale vikiandika namna moja, uwiano wa Hutt utawezekana kwetu.

Juma lijalo tutashughulika na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi yake mwaka 2011.