Si Kila Kijana Aliyeacha Kusoma ni Mvivu

Likizo inapofika, wazazi wengi hupokea ripoti ya shule yenye maneno yale yale: "Ana uwezo, lakini hatii bidii." Kijana aliyekuwa akiongoza darasani sasa hafungui daftari, na mchana kutwa amejifungia chumbani. Nyumbani huanza lawama, kulinganishwa na ndugu zake, na hata viboko.

Kununa siku mbili tatu ni kawaida ya ujana. La kuangalia ni muda. Mabadiliko yakidumu wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona, ugonjwa wa akili unaotibika. Dalili zake ni:

• kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kama mpira au kwaya;
• kukosa usingizi au kulala kupita kiasi;
• kula kidogo au kupita kiasi;
• kushindwa kutulia kimawazo;
• kujiona hana thamani.

Kwa vijana, sonona mara nyingi hujitokeza kama hasira badala ya machozi, hivyo hudhaniwa kuwa utovu wa nidhamu. Mwanafunzi mwerevu huchelewa zaidi kutambuliwa, kwa kuwa alama nzuri huficha mengi. Wengine huogopa kushindwa kiasi cha kutoanza kazi kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huanza kabla ya umri wa miaka 18.

Mzazi afanye nini?

1. Azungumze naye faraghani, bila kutanguliza alama. Aulize, "Siku hizi naona huna raha, kuna nini?" kisha asikilize.
2. Aulize walimu kuhusu uonevu, marafiki wapya au dawa za kulevya.
3. Ampeleke kituo cha afya. Upungufu wa damu na matatizo ya macho pia humfanya mtoto arudi nyuma. Ikihitajika, ataelekezwa kwa mshauri au daktari wa akili.
4. Wakubaliane jambo dogo la kila siku, kama kusoma dakika 20, na saa ya kuweka simu kando.

Kijana akisema anataka kufa au kujidhuru, hiyo si mizaha. Asiachwe peke yake; dawa na sumu za shambani zifungiwe, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Nambari ya msaada kwa watoto, 116, hupigwa bila malipo saa 24.

Alama zilizoshuka zinaweza kurekebishwa muhula ujao. Afya ya kijana haifai kungoja ripoti nyingine.