Tunda Lisilo na Mbegu Hutoka Wapi?

Ukikata ndizi mbivu kwa upana, utaona vidoti vidogo vyeusi vimejipanga katikati ya nyama yake. Wengi wetu huvimeza bila hata kuviona, lakini hapo ndipo mbegu zilipopaswa kukua. Katika ndizi mwitu za Kusini-Mashariki mwa Asia, nafasi hiyo hujaa mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe, na nyama ya kuliwa hubaki kidogo sana.

Kwa kawaida ua likishapata chavua, mbegu huanza kuumbika, nazo hutoa homoni zinazolifanya tunda linenepe. Tunda likiiva, ndege, popo na nyani hulila na kuzitawanya mbegu mbali na mti mama. Tunda lisilo na mbegu hukua nje ya utaratibu huo.

Siri ya ndizi nyingi tunazokula, zikiwemo matoke za Uganda na Bukoba, imo ndani ya chembe zake. Ndizi mwitu ina kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) 22, yaani seti mbili za 11. Matoke ina seti tatu, jumla 33. Kromosomu zinapotaka kujipanga jozi jozi ili mmea uzae, seti ya tatu hukosa mwenzake, na mbegu hushindikana. Hata hivyo, mgomba una uwezo wa kuzaa tunda bila kuchavushwa, ndiyo maana mkungu hujaa.

Jambo ambalo ndizi ilijaliwa na maumbile, mtafiti Hitoshi Kihara wa Japani alilifanya kwa mikono kwenye tikiti maji, na mwaka 1951 alichapisha matokeo yake. Tikiti la kawaida nalo lina kromosomu 22. Mche wake ukitiwa kolchisini, dawa itokanayo na mmea, kromosomu huongezeka maradufu na kuwa 44. Mmea huo ukichavushwa kwa chavua ya tikiti la kawaida, mbegu zake huzaa mimea yenye kromosomu 33, na matikiti ya mimea hiyo huwa na vijiganda vyeupe laini tu. Shambani bado inabidi kupanda matikiti ya kawaida kando yake, ili nyuki wapate chavua ya kuyapelekea maua yake. Bila chavua, tunda halikui.

Chungwa la Washington Navel lina historia nyingine. Lilianza kwa badiliko la ghafla kwenye mchungwa wa Bahia, Brazili. Miti yake ilipelekwa Washington mwaka 1870, na mwaka 1873 mwanamke aitwaye Eliza Tibbets akapata miche miwili na kuipanda Riverside, California. Kwa kuwa halina mbegu, lilienezwa kwa kubebesha vikonyo, na mmoja wa miti hiyo miwili ungali hai. Limenye, utakuta kichungwa kichanga kimejificha upande wa kitovuni.

Kwenye zabibu kama Thompson Seedless, mbegu huanza kukua kisha hufa zingali changa. Lakini zabibu ya Makutupora nyekundu inayolimwa Dodoma huwa na mbegu kamili, na hutumika sana kutengeneza mvinyo.

Wapo wanaoyaogopa matunda haya wakidhani yamejazwa kemikali. Kolchisini hutiwa kwenye mche wa kizazi kilichotangulia, wala si kwenye tikiti linalofika sokoni. Kwa afya ya mlaji, nyama ya tunda lenye mbegu na lisilo nazo hazipishani sana. Anayetema mbegu za tikiti, hata hivyo, hutupa protini na mafuta. Zikikaangwa ni chakula kizuri.

Hatari iko kwa mkulima. Migomba huenezwa kwa maotea, hivyo shamba zima la aina moja lina urithi uleule, na ugonjwa unaoua mgomba mmoja waweza kuua yote. Ndizi ya Gros Michel ilitawala biashara ya dunia hadi miaka ya 1950, ilipoangushwa na ugonjwa wa Panama. Ikashika nafasi yake Cavendish, nayo sasa inaandamwa na aina mpya ya ugonjwa huohuo, ambayo mwaka 2013 ilikutwa pia kaskazini mwa Msumbiji. Ugonjwa mwingine wa migomba, mnyauko wa bakteria, ulionekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaingia Kagera.

Watafiti wa kituo cha Kawanda, Uganda, huchavusha matoke kwa mkono kwa chavua ya ndizi mwitu, wakitafuta mbegu chache mno zinazojitokeza, ili wapate migomba inayostahimili magonjwa. Wakati kazi hiyo ikiendelea, mkulima asichukue maotea ovyo. Achukue kwenye shamba lisilo na ugonjwa au anunue miche iliyozalishwa maabara, aondoe ua dume kwa mti wenye panda, na asafishe panga lake kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine.