Je, hewa inauzwa?

Katekista mmoja wa Kilibula alituuliza baada ya Misa: «Padri, ni kweli wazungu wananunua hewa ya misitu yetu? Na wakiisha kuinunua, sisi tutapumua nini?» Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa maana tuliona ya kuwa hatukuwa na jibu tayari. Basi tukajifunza jambo hili.

Tujue kwanza kinachouzwa. Mti unapokua hunyonya hewa ya kaboni na kuiweka ndani ya mwili wake. Ukichomwa, hewa ile inatoka tena, inapanda juu na kuzidisha joto la dunia. Mpango unaoitwa REDD wataka kulipa nchi zinazopunguza kukata misitu. Wenye mpango hukisia miti mingapi ingalikatwa, halafu hupima iliyokatwa kweli. Tofauti yake ndiyo inayolipwa. Hakuna anayefunga hewa katika gunia. Kongo iliingia katika kazi hii mwaka 2009. Mwaka 2018 mfuko wa Benki ya Dunia uliahidi mpaka dola milioni 55 kwa ajili ya Mai-Ndombe, na mwaka 2021, kule Glasgow, serikali yetu ilipatana na nchi wafadhili juu ya dola milioni 500.

Sasa tusikilize watu. Kilibula hakuna msitu, na vilima vilivyo nyuma ya Uvira vimebaki karibu tupu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Waliozika ndugu zao hawahitaji mgeni wa kuwafundisha faida ya mti. Lakini mama mmoja muuza makala alituambia: «Nikiacha makala, watoto watasoma kwa franka gani?» Yeye hawezi kungoja dola za Glasgow. Tena si haki kumwita adui wa msitu, kwa kuwa mji mzima unapika juu ya makala yake, na jiko la misioni vilevile.

Wazee wanaotoka milimani wana neno lingine. Mwaka 2006 waziri alitia mkono hati ya kuifanya Itombwe kuwa akiba ya viumbe, na vijiji vilivyomo havikuulizwa. Ilichukua miaka kumi ya mabishano na mapatano mpaka mipaka mingine ikawekwa mwaka 2016. Kwa hiyo wanasema: anayekuja leo kuhesabu miti, kesho atatuambia tuhame. Hofu hii si ujinga, ni ukumbusho.

Tena wanauliza: ikiwa malipo ni ya kupunguza, yule aliyemaliza vilima vyake atalipwa akiacha, na yule aliyetunza msitu tangu mababu atalipwa nini, naye hana cha kupunguza? Tulitafuta jibu safi, hatukuliona. Wenye mpango wenyewe wamebishana juu ya hesabu hiyo, na wakati mwingine wameongeza kitu kwa nchi zilizokata kidogo. Mwenye kijiji hajaona bado kitu hicho mkononi.

Na wafratri wetu watauliza kama biashara hii ni dhambi. Tutenganishe mambo mawili. Kumsaidia maskini atunze msitu ni haki, wala si sadaka tu, kwa maana faida ya msitu ni ya dunia yote. Lakini tajiri akinunua ruhusa ya kuendelea kutoa moshi wake, hapo ni neno lingine. Papa Fransisko aliionya biashara hiyo katika Laudato Si' (2015), namba 171: yaweza kugeuka kuwa ulanguzi, bila kupunguza hewa chafu hata kidogo.

Katekista afanye nini? Asiwaahidie watu pesa, wala asiwatishe. Awaeleze kwamba tangu amri ya 2014 jamaa wenye msitu wa desturi wanaweza kuomba serikali iwaandikie haki ya kuutumia na kuusimamia msitu huo, mpaka hektari 50.000, bure na kwa daima. Ombi hilo litangulie mazungumzo yoyote ya kaboni. Na mtu akileta karatasi ya kutiwa mkono, isomwe yote mbele ya mwami, mbele ya wanawake na vijana, kwa lugha ya kwao, hata ikichukua siku tatu. Mgeni akisema hana siku tatu, arudi nayo.