Gari la Kujiundia Hupimwa Mlimani

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la nchi yao. Yakaundwa magari 5 ya majaribio, na mwaka 1990 yakaonyeshwa hadharani kwa jina la Nyayo Pioneer. Fedha zikakosekana, nayo hayakupata kuundwa kwa wingi. Hata hivyo jasho halikupotea bure: shirika lililokusudiwa kuyatengeneza liligeuzwa kuwa karakana ya kuchonga vipuri.

Funzo hilo lamfaa pia fundi wa Bujumbura anayejiundia gari uani kwa vyuma vya magari makuukuu. Injini inapowaka, jamaa hushangilia. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Barabara ya Bugarama hupanda kutoka ufuoni mwa Tanganyika, takriban 800 m juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya 2,000 m. Katika kupanda, maji ya rejeta huchemka. Katika kuteremka, breki hupata moto. Mafuta yake yakichemka, pedali huzama bila kushika. Na humo garini wamo mke na watoto.

Basi breki zitangulie rangi. Mafuta yake yabadilishwe, mipira iliyochakaa isirudishwe, na mteremko ushukwe kwa gia ya pili. Kila hitilafu iandikwe daftarini pamoja na sababu yake, ili isirudi mara ya pili.